Mbio za Farasi Zinazonishinda Kubashiri

Jioni moja, nikiwa barazani Ngamiani, Tanga, na kikombe cha kahawa mkononi, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia na mkeka wake, yaani karatasi ya kubeti, uliokwisha kuchanika. Aliniamkia, akakaa, kisha akauliza: "Mzee, hivi kwenye farasi, mbio zipi ni ngumu kuliko zote?" Alikuwa amepoteza shilingi 5,000 kwa farasi namba nne, na nilipoitazama karatasi yake niligundua kwamba farasi huyo hakuwa na damu wala kwato, kwani yalikuwa yale mashindano ya kompyuta yanayorushwa kila baada ya dakika chache kwenye skrini za vibanda vya kubeti. Nilimwambia kwamba hizo hazina ugumu wala urahisi, kwa kuwa mshindi hupatikana kwa programu inayotoa namba kwa nasibu, na mtu anaweza kuzikodolea macho mwaka mzima asijifunze chochote cha kumfaa kesho yake. Ndipo akaniomba nimweleze za farasi wa kweli.

Niliishi Nairobi miaka kumi na moja kwa kazi ya uchukuzi, na Jumapili zangu nyingi ziliishia kwenye uwanja wa Ngong, ambao umekuwa na mbio tangu mwaka 1954. Niliporudi Tanga nilirudi na madaftari manne ambamo niliandika kila dau langu na sababu ya kuliweka. Kumbukumbu ya mcheza dau humpendelea mwenyewe; daftari halimpendelei mtu.

Wengi wakiulizwa swali la kijana yule huitaja Grand National ya Aintree, Uingereza, nami siwalaumu. Ni mbio za karibu kilomita 7, zenye vizuizi 30 vya kuruka na farasi wasiozidi 34, idadi iliyopunguzwa kutoka 40 mwaka 2024. Mwaka 1967 farasi aliyekwisha kumwangusha mpanda wake alikatiza mbele ya kizuizi cha 23, waliomfuata wakagongana na kurundikana, na Foinavon, aliyekuwa nyuma sana, akapata upenyo na kushinda kwa odi ya 100 kwa 1, yaani kila shilingi moja ya dau ilileta faida ya shilingi mia. Hakuna hesabu ingeweza kuliona jambo hilo. Hata hivyo mimi naziweka mbio hizi nafasi ya tatu tu, kwa sababu farasi wanaoingia pale ni watu wazima, kama naruhusiwa kusema hivyo: wamekimbia mara nyingi, na mwenye subira anaweza kusoma yupi ana pumzi ya masafa marefu, yupi hujikwaa na yupi hupenda majani yaliyolowa.

Zinazonishinda hasa ni mbio za farasi wa miaka miwili ambao hawajawahi kushinda, na zaidi zile ambazo nusu yao ndiyo kwanza wanakanyaga uwanja. Hapo huna rekodi ya kusoma. Una majina ya baba na mama, una bei aliyonunuliwa mnadani, na una sifa za mkufunzi, lakini anayejua jinsi mnyama alivyokimbia mazoezini alfajiri ya juzi ni saisi wake, yaani mtunzaji wake, naye hakuambii. Kuna pia suala la umri ambalo wageni wa mchezo huu hulisahau. Katika nchi za kaskazini mwa dunia kila farasi wa mbio huhesabiwa kutimiza mwaka tarehe 1 Januari, hata kama alizaliwa Mei. Kwa hiyo aliyezaliwa Februari na aliyezaliwa Mei wote huitwa wa miaka miwili, ilhali katika umri huo miezi mitatu ni tofauti ya misuli na ya akili kwa pamoja.

Daftari langu la pili lina ukurasa ambao bado unaniuma. Nilimwekea dau farasi jike aliyekuwa akikimbia kwa mara ya kwanza, kwa sababu banda alilotoka lilikuwa limeshinda wiki mbili mfululizo. Nililipa kwanza, ndipo nikaenda kumtazama akizungushwa kabla ya mbio, nami nikakuta povu jeupe limemjaa katikati ya mapaja ya nyuma, shingo inang'aa kwa jasho, na masikio yanageuka kila mtu akipiga kelele. Alikuwa amekwisha kuzikimbia mbio zake pale pale, kwa woga. Wenzake walipoondoka yeye alibaki nyuma, na hakuwafikia tena. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti: farasi mgeni, macho kwanza, pesa baadaye, na kama namfuatilia kwa simu nikiwa Tanga, ambako siwezi kumwona akizungushwa, simgusi kabisa.

Nafasi ya pili naipa hendikapu za masafa mafupi zenye kundi kubwa. Katika hendikapu, mpanga uzito humwongezea mzigo farasi hodari na kumpunguzia dhaifu, na nia yake ni kwamba wote wafike mstarini kwa pamoja. Yaani kuna mtaalamu anayelipwa mshahara kuhakikisha kwamba wewe huwezi kumtambua mshindi, na jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu afikiri mara mbili. Chukua mbio za Wokingham pale Ascot, Uingereza, takriban mita 1,200 za njia iliyonyooka. Farasi zaidi ya ishirini hutoka pamoja, mara nyingi wakagawanyika makundi mawili, kila moja likishika upande wake wa uwanja, na upande wenye ardhi bora ndio hutoa mshindi. Unaweza kumchagua farasi sahihi kwenye upande usio sahihi, na muda wa kurekebisha kosa haupo, kwani yote huisha katika sekunde 70 na ushei. Afadhali Chester, hukohuko Uingereza, ambako uwanja ni wa kona kali na katika mbio fupi wanaopangwa ndani hufaidika. Pale angalau namba ya mlango wa kuanzia mbio inakuambia kitu.

Kentucky Derby ya Marekani inafanana na zote hizi kidogo kidogo: farasi hadi 20 wa miaka mitatu, wakikimbia takriban mita 2,000, umbali ambao kwa kawaida wengi wao hawajawahi kuujaribu. Mwaka 2022 Rich Strike, aliyeingizwa siku moja tu kabla baada ya mwingine kuondolewa, na ambaye awali alinunuliwa kwa dola 30,000 katika mbio ambazo kila farasi anayekimbia anaweza kununuliwa kwa bei iliyotajwa, alishinda kwa odi ya 80 kwa 1. Waliotangulia walikuwa wamekwenda kasi mno mwanzoni, wakachoka.

Kijana aliniuliza basi nabashiri zipi. Nilimwonyesha daftari la nne: farasi sita au saba, wenye umri wa miaka minne kwenda juu, umbali waliokwisha kuukimbia, ardhi ileile. Alipekua kurasa, akaona safu ndefu ambazo mahali pa dau pameandikwa "sikugusa", akacheka na kusema mzee umenunua daftari la kuandikia usichofanya. Nikamwagizia kahawa ya pili.