Maswali ya Desemba: pango, mti na taa za barabarani

Maswali ya msimu yamekuwa mengi. Nimechagua yale yanayotuhusu Bagamoyo, niyajibu kabla watu hawajapanda ngazi kufunga taa.

Mwalimu, ni kweli Krismasi ni sikukuu ya kipagani ya mungu jua? Nimetumiwa ujumbe. (Msomaji, Nianjema)

Huu ni mwaka wa tatu naulizwa hili, na kila mara kwa ujumbe uleule wa herufi kubwa usiotaja hata kitabu kimoja. Safari hii nalijibu kwa urefu, mwakani tusirudiane.

Injili hazitaji tarehe. Mnamo mwaka 200 Klementi wa Aleksandria aliandika kwamba wapo waliodhani Yesu alizaliwa mwezi ambao kwetu ni Mei. Yaani siku moja iliyokubaliwa na wote haikuwepo. Ushahidi wa kwanza tulio nao wa 25 Desemba umo katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, katika orodha inayoturudisha hadi mwaka 336. Kalenda hiyohiyo imeandika siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwa Jua Lisiloshindwa, ambalo Kaisari Aurelian alilijengea hekalu mwaka 274. Ujumbe wako unaishia hapo. Haukwambii kwamba kulikuwa na Wakristo waliopiga hesabu nyingine: walishika kwamba Yesu alitungwa mimba 25 Machi, tarehe waliyoamini pia kuwa ya kufa kwake. Ongeza miezi tisa uone unafika wapi. Ipi ilitangulia, wanahistoria bado wanabishana. Anayekwambia jambo hili limekwisha, kwa upande wowote, hajalisoma.

Wala wewe si wa kwanza kulishtukia. Bunge la Uingereza liliipiga marufuku Krismasi mwaka 1647, na waliopiga marufuku ni Wakristo safi. Kule Massachusetts, kuanzia 1659 hadi 1681, aliyeisherehekea alitozwa faini ya shilingi tano. Nao walisema haimo katika Maandiko.

Ndugu zangu Waislamu wanaousambaza ujumbe huu kwa furaha nawaomba wautazame tena. Siku aliyozaliwa Mtume (S.A.W.) wanazuoni wameitofautia, na Maulidi ya hadhara yalikuja karne kadhaa baada yake. Anayesema Maulidi hayafai anatumia hoja hiihii ya tarehe. Sisi tuliokulia kwenye Maulidi ya Mfungo Sita, tukalala mkekani na harufu ya ubani mpaka alfajiri, tunajua kilichotupeleka pale. Jirani yako naye mwulize kinachompeleka kwenye misa ya mkesha.

Yeremia 10 si inakataza mti wa Krismasi? (Kiromo)

Umesoma mstari wa tatu na wa nne ukafunga kitabu. Fungua tena, uende hadi wa tano: mti unakatwa, fundi anauchonga, unapambwa kwa fedha na dhahabu, unapigiliwa misumari usianguke, na hauwezi kusema wala kutembea. Hiyo ni sanamu. Yeremia aliishi miaka kama mia sita kabla ya Kristo. Mti wa kupamba sebuleni ni desturi ya Wajerumani ya karne ya 16, na Waingereza wengi waliiga baada ya mwaka 1848, gazeti moja la London lilipochapa picha ya Malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka.

Ila na mimi nina langu. Desemba iliyopita niliingia duka moja hapa mjini, jasho linanitiririka kwa joto la kaskazi, nikakuta mti wa plastiki umetandazwa pamba ya hospitali, roli nzima, iwe theluji. Nje ya mlango huohuo mkrismasi umechanua, maua mekundu yameanguka mpaka kwenye ngazi, na kijana wa duka anayafagia. Niliumia. Katani tawi moja la ule mti, wekeni ndani.

Kuandika "Xmas" si kumfuta Kristo? (wasomaji watano)

Hapana. Hiyo X ni herufi ya Kigiriki, ya kwanza katika jina Kristo. Msiniulize tena.

Jirani yangu Mkristo ameweka pango na taa barazani kwake. Wanangu hawatoki pale. Niwazuie? (Mama wa watoto watatu, Dunda)

Dada yangu, hukumu ya dini mwulize sheikh wako, mimi si mufti. Ninachoweza kukupa ni historia.

Pango lilipata umaarufu kwa Fransisko wa Asizi. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, Italia, aliandaa hori lenye majani makavu, ng'ombe na punda wa kweli, ili wanakijiji waone kwa macho mtoto alizaliwa katika umaskini gani. Ng'ombe na punda hao hawamo katika Luka 2, na Mathayo hasemi mamajusi walikuwa watatu. Wanao wakijua hayo watakuwa wamewapita Wakristo wengi.

Hapa Bagamoyo jambo hili lina uzito wake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, na wengi wa waumini wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Kwa hiyo anayesema Krismasi ya hapa ni ya Wazungu anawasahau hao.

Nililiona pango moja mtaani mwaka jana. Paa la makuti, kondoo wa udongo wa kichuguu, mmoja hana mguu kaegeshwa kwa kijiti. Mtoto wa miaka saba hivi, kofia ya madrasa kichwani, alikuwa anamwuliza bibi mwenye nyumba, "Mtende wake uko wapi?" Ameisikia Suratu Maryam, anajua uchungu ulimpeleka Bi Maryam kwenye shina la mtende. Bibi hakumfukuza. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Kwetu haukutajwa, mjukuu wangu, lakini nimekusikia." Wanao wafundishe ya kwao vizuri kwanza, kisha usiogope baraza ya jirani.

Kwa nini halmashauri isipambe stendi kwa Krismasi? (Magomeni)

Kwa sababu fedha hiyo ni ya wote. Katiba, ibara ya 19, imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na mimi naitaka ibaki hivyo. Marekani wamefikishana Mahakama Kuu kwa jambo hili: mwaka 1984 pango la mji wa Pawtucket likaruhusiwa kwa kuwa lilichanganywa na mapambo ya kawaida, mwaka 1989 lililowekwa peke yake ndani ya jengo la mahakama Pittsburgh likakataliwa. Tusifike huko. Kanisa lipambe kwake, msikiti upambe kwake, na maandamano ya yeyote yaombe kibali, yapite, yaache barabara safi.

Na taa msiziunganishe kwenye nyaya za nguzo, watoto wanachezea pale chini.

Mbona wengine wanasherehekea 7 Januari? (Kaole)

Ni 25 Desemba ya kalenda ya zamani ya Julius Kaisari, ambayo sasa iko nyuma kwa siku 13.

Mapambo yashushwe lini? (Magomeni)

Wengi hushusha baada ya Epifania, 6 Januari. Kuna mwembe karibu na kwangu wenye waya wa taa tangu mwaka juzi, tawi limenenepa limeumeza. Mwenye waya huo aje na ngazi wiki hii, kabla hajafunga mwingine.