Pima Bloku Kwanza Ndio Ununue Pistoni: Kujenga Upya EJ20 ya Turbo Hapa Nairobi

Swali naulizwa sana ni "bro, injini yangu imenoki (imeanza kugonga ndani), nikiijenga upya niweke pistoni gani?" na mimi huwa namrudishia mtu swali, bloku umepima? Hapo wengi hunyamaza. Watu wananunua vitu kabla injini haijafunguliwa, mtu ako na seti mpya ya pistoni chini ya kitanda na hajui kama silinda zake ni za standadi ama zitaboiwa (zipanuliwe kwa mashini). Pistoni ndio kitu ya mwisho mwisho kuchagua jamani, zinafuata vipimo, vipimo havizifuati.

Naongelea EJ20, injini ya Subaru, juu ndio naijua na ndio imejaa hapa, Forester, Impreza, Legacy, hizi gari zinatumaliza pesa na bado tunazipenda (dereva Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Impreza na nafikiri ugonjwa ulituingia hapo). Lakini hata kama yako ni turbo ya kampuni ingine mambo mengi ni yale yale.

Basi injini ikishafunguliwa, bloku iende kwa watu wa mashini kabla hujatoa shilingi kwa kitu kingine chochote. Silinda ya EJ20 ni 92 mm, na haipimwi mahali pamoja, inapimwa juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili kwa pande tofauti, juu silinda iliyochoka haikuwi duara tena inakuwa yai. Kama imelika kidogo tu itahoniwa (isuguliwe ndani kwa mawe) na utumie standadi, kama imelika sana unaenda 92.5. Uliza pia kama wako na ile sahani nzito ya chuma ya kufunga kwa bloku na kuikaza kama hedi wakati wa kuhoni. Kuta za EJ ni nyembamba, ukikaza hedi zinajikunja kiasi, so ukihoni bila sahani unapata silinda duara ambayo inaacha kuwa duara siku unafunga hedi. Wakikuangalia kama umetoka mwezini, asante, tafuta wengine.

Sasa beringi, na hapa ndio nitakaa kidogo juu hapa ndio EJ zinafia. Boksa, yaani injini ya pistoni zilizolala pande mbili, ni injini fupi, krenki yake (shafti inayozungushwa na pistoni) ni fupi, kwa hivyo beringi za konrodi, vile vyuma vinaunganisha pistoni na krenki, ni nyembamba, zikikosa oili hata kidogo kwa kona ama kwa presha ya turbo ndio unaanza kusikia tok tok tok. Shingo ya krenki pale konrodi inakaa ni 52 mm. Kanuni ya mafundi wengi ni nafasi ya oili iwe kama elfu moja ya hicho kipimo, yaani karibu 0.05 mm, alafu unalinganisha na kitabu cha gari. Beringi zinauzwa standadi, kuna zile zinaongeza nafasi kidogo tu kama 0.025 mm kwa watu wa turbo, na kuna za 0.25 za krenki iliyochongwa. Unaona vile huwezi jua ya kununua kabla ya kupima? Mimi kwa maoni yangu krenki ya kuchongwa kwa gari ya turbo sitaki, zingine zimetiwa ugumu juu kiwandani na ukichonga unaondoa ile ngozi ngumu, afadhali nitafute krenki ya mtumba kutoka Japani ambayo bado inapima standadi.

Na usikubali fundi akwambie "iko sawa" kwa kuitingisha na mkono. Fundi mmoja wa Industrial Area napenda kumtazama akifanya hii kazi: anapanguza shingo ya krenki mpaka ikauke, anakata kipande cha plastigeji, ule uzi mwembamba wa plastiki, anaulaza juu, anafunga konrodi na torki renchi bila kuzungusha kitu, anafungua tena pole pole, alafu anaweka karatasi yake ya vipimo kando ya ule uzi uliofinywa. Ukiwa mpana sana nafasi ni ndogo, ukiwa mwembamba nafasi ni kubwa, na upana ukitofautiana kutoka upande mmoja hadi mwingine basi shingo imelika upande. Haongei mpaka amalize zote nne. Huyo ndio fundi wa kumpa injini yako.

Oili yenyewe lazima ifike kwa hizo beringi. Pampu mpya, hapo hakuna mjadala. Ule mrija wa kuvuta oili kwa sampu (bakuli la oili chini ya injini) huwa unapasuka pale umeunganishwa, ukipasuka pampu inavuta hewa na hutaona kitu mpaka inoki tena, kwa hivyo weka ulioimarishwa. Alafu kama injini yako ilinoki, kubali ama kataa, ile oil cooler ndogo (ya kupoza oili) iliyo chini ya filta itupe, usioshe, juu vumbi ya chuma imejificha ndani na itakuja kula beringi zako mpya. Mirija ya oili ya turbo pia. Na zile EJ za AVCS, mfumo wa kubadilisha taiming ya valvu, zina kichujio kidogo ndani ya bolti za mrija wa oili, hicho kikiziba turbo inakauka, angalia.

Haya, pistoni sasa. Kama utabaki na busti (presha ya turbo) ya kiwandani na tuning ya kiwandani, pistoni za kawaida zinatosha, pesa yako ipeleke kwa mashini na beringi. Ukitaka kuongeza busti ndio uende za kufojiwa, na hizo ziko za aina mbili za aluminiamu, 4032 na 2618. Ya kwanza iko na silikoni kama asilimia 12, haitanuki sana ikipata moto, so inafungwa kwa nafasi ndogo na asubuhi gari iko kimya. 2618 ni ngumu zaidi kuvunjika lakini inatanuka sana, inahitaji nafasi kubwa, asubuhi ya baridi ya Julai itakugongea mpaka ipate moto na majirani watajua unaenda kazi. Kama gari ni ya kukaa jam ya Thika Road kila siku na wikendi ndio unaifungulia, chukua 4032. Ringi nazo msikate kwa kukisia, kwa turbo ya barabarani ringi ya juu ya silinda ya 92 mm huwa inaachwa pengo la kama 0.46 mm, lakini fuata karatasi iliyokuja na pistoni. Pengo likiwa dogo ncha zinakutana kwa moto na pistoni inavunjika pale ringi imekaa.

Gaskiti ya hedi iwe ile ya chuma ya matabaka, hedi iskimiwe iwe sawa, taiming belti kiti yote pamoja na puli na tenshena, juu belti ikikatika kwa hii injini valvu zinapiga pistoni. Bolti za konrodi mpya. Hayo hayana siri.

Kununua: Kirinyaga Road utapata kila kitu, na kila kitu kina pacha wake feki. Muuzaji atakwambia "boss hii ni orijino kabisa," wewe mwambie kwa heshima "sawa mkubwa, basi nifungulie nipime." Nenda na maikromita, angalia kama namba iliyopigwa mgongoni mwa beringi ni ile ya boksi, pima unene wa kila kipande. Mwenye mali safi hatakataa. Ukiamua kuagiza nje, hesabu pia ushuru na VAT ya 16% kabla ya kushangilia bei ya intaneti.

Turbo chagua mwisho, na chagua ya Nairobi. Hapa tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa ya nje ni kama bar 0.82. Mombasa, geji ikisoma bar 1, turbo imegeuza bar 1 ya hewa kuwa 2, mara mbili. Hapa ili ufikishe hizo bar 2 lazima izidishe karibu mara 2.4 na geji itasoma kama 1.2, inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka moto zaidi. Ndio maana turbo ndogo ambayo jamaa wa Japani anaisifu inachoka haraka huku kwetu, na ndio maana intercooler nzuri (ile ya kupoza hewa ya turbo) si ya urembo. Ongeza na hii, hizi gari za Japani zilitengenezwa zikitarajia petroli ya oktani karibu 100, super yetu ya kawaida haifiki hapo, so mwambie mtu wa tuning apunguze tamaa kwa taiming ya moto wa plagi.

Na umwambie kama huwa unateremka pwani. Wastegeti (valvu inayodhibiti presha ya turbo) iliyowekwa 1.2 hapa, ukifika Mombasa na iendelee kusoma 1.2, injini inakula bar 2.2 za hewa, asilimia 10 zaidi ya vile ilipimwa Nairobi, na petroli na taiming lazima ziwe zimeandaliwa kwa hiyo hewa kabla hujafika Mtito Andei.