Maswali na Majibu: Usiku Kucha Jangwani Juu ya Baiskeli

Barua za safari hii karibu zote ni za usiku. Nimechagua chache. Walioniuliza aina ya tandiko wasubiri.

Nataka kushiriki mbio za jangwani za usiku kucha. Ninunue taa ya lumeni (kipimo cha mwanga) ngapi? Mmoja kaniambia 1,000, mwingine 2,000.

Swali hili limeota mvi. Lumeni 400 hadi 600 zinamtosha mtu aliyechoka kwenye barabara ya changarawe, ila kwenye mteremko mkali ongeza kidogo. Cha kumuuliza muuzaji ni taa itawaka kwa muda wa saa ngapi ikiwa na mwanga huo. Taa iliyoandikwa 2,000 huutoa mwanga wake huo kwa saa moja tu, mbili ikijitahidi, na usiku unaokusubiri una saa kumi na zaidi. Kumbuka pia kwamba betri za lithiamu hupungua nguvu kwenye baridi, kwa hiyo pawabenki ikae ndani ya jaketi, karibu na mwili. Mwenye dainamo kwenye habu ya gurudumu la mbele amepona shida ya chaji, lakini akipanda kilima polepole taa itafifia, basi naye awe na akiba.

Ambalo hakuna aliyeuliza ni taa ikae wapi. Ukiifunga kichwani tu, mwanga unakwenda sambamba na macho yako na kila kitu kinaonekana bapa kama ukuta. Ifunge chini, kwenye usukani. Hapo kila kokoto inatupa kivuli, na unaanza kuisoma njia: penye vivuli vingi vidogo pana changarawe ngumu, na pale mbele panapong'aa laini bila kivuli hata kimoja ni mchanga. Ukiuona, acha breki, rudisha uzito nyuma, legeza mikono na endelea kukanyaga. Taa ya kichwani ibaki ya kuziba pancha na kusoma vibao.

Na taa ya nyuma inayomweka-mweka uizime ukiwa kwenye kundi. Unampofusha mwenzio.

Shikamoo mzee. Mbio zetu ni kama kilomita 400 na kikomo ni saa 24. Wenzangu wanasema anayelala amekwisha. Ni kweli?

Marahaba. Hao wenzako ndio wale ninaogombana nao kila msimu.

Tupige hesabu. Chukua Desert Dash ya Namibia, kutoka Windhoek hadi Swakopmund, ambayo ni ya urefu kama wa mbio zenu. Inaanza alasiri. Tuseme siku hiyo uliamka saa kumi na mbili asubuhi, ukahangaika na mizigo, ukakaa juani ukisubiri kuondoka. Ikifika saa tano usiku uko macho saa 17. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za umakini kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu mtu kushika usukani wa gari. Akifika saa 24 anakuwa kama mwenye asilimia 0.10. Wewe saa tano usiku bado una giza refu mbele yako.

Halafu inakuja saa kumi alfajiri, pale joto la mwili linaposhuka chini kabisa na usingizi unapokukaba koo. Hapo ndipo watu wanapoacha njia na kwenda kulala mtaroni bila kupenda.

Kwa hiyo lala kabla hujalazwa. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Ukipitisha nusu saa unazama kwenye usingizi mzito, na kuamka kwake ni adhabu: mwili mzito, kichwa hakijui kiko wapi. Kahawa inywe kabla tu ya kujilaza, maana inachukua kama dakika 20 kuanza kazi, mkaamka pamoja. Usianze kuinywa jioni wakati bado mchangamfu. Baada ya takriban saa tano nusu yake bado imo mwilini, na ile ya saa kumi alfajiri haitakuwa na nguvu tena ya kukushtua.

Jitoe kabisa barabarani. Usilale kwenye bonde au mkondo mkavu wa mto: hewa baridi huteremka na kutuama huko, na mvua iliyonyesha mbali usikoiona inaweza kukuletea maji. Panda sehemu iliyoinuka kidogo. Baiskeli ilaze gurudumu la mbele likielekea unakokwenda. Wapo walioamka, wakapanda kwa haraka, wakarudi walikotoka kilomita nzima kabla ya kushtuka. Viatu ukivivua, vikung'ute kabla ya kuvivaa. Nge naye anatafuta pa kujificha.

Dakika 20 utazirudisha. Anayeyumba kwa kilomita nane kwa saa huku akijisifu hajalala anapoteza zaidi ya hizo, ila hahesabu.

Mbona Jure Robič alishinda Race Across America, mbio za baiskeli za kuvuka Marekani, mara tano na alikuwa halali?

Nilijua litakuja. Robič, yule mwanajeshi wa Slovenia, alilala kidogo mno, na mauzauza yake yalijulikana dunia nzima. Aliwahi kushuka kwenye baiskeli kupigana na masanduku ya barua ya pembeni mwa barabara. Lakini nyuma yake kulikuwa na gari lenye watu wa kumlisha, kumwelekeza na kumwamulia. Katika mbio zile gari kumfuata mpanda baiskeli usiku kwa karibu ni sharti. Yeye alikuwa miguu na wao walikuwa kichwa. Wewe unakwenda peke yako na chupa mbili. Ukitaka kumwiga, anza na gari.

Usiku wa manane niliona watu wamechuchumaa kando ya njia. Nilipokaribia ni vichaka. Nimeanza kuwa mgonjwa?

Hapana, umeanza kuchoka. Kuona kichaka kimevaa kanzu si hatari maadamu unajua ni kichaka. Siku utakapokikwepa, shuka. Na kabla hujafika huko kuna dalili nyingine watu huzidharau: huikumbuki kilomita iliyopita, kidevu kinagonga kifua, gurudumu linajikuta upande wa pili wa barabara. Moja tu kati ya hizo inatosha kukusimamisha. Kuimba hakusaidii.

Jangwa ni joto. Kwa nini orodha ya vifaa vya lazima ina jaketi na glavu?

Kwa sababu walioiandika wamewahi kulala huko. Hewa kavu na anga isiyo na mawingu haviwezi kuzuia joto la ardhi lisipae, na jua likizama mchanga unapoa haraka. Wewe nawe umelowa jasho la mchana. Vaa jaketi juu ya kilima, kabla ya kuteremka; ukingoja mpaka utetemeke, vidole havitaivuta zipu. Na ukikaribia pwani ya jangwa la Namib, alfajiri ukungu wa baharini unakulowesha upya.

Naweza kusikiliza muziki?

Hapana. Masikio ndiyo kioo chako cha nyuma usiku.

Usiku sihisi kiu. Nipunguze maji?

Punguza, usikate. Hewa kavu inakukausha hata kwa kupumua. Lakini nawaonya wale wanaojilazimisha chupa baada ya chupa ya maji matupu: sodiamu ya damu inaporomoka, na dalili zake, kichefuchefu, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, hufanana na za uchovu, kwa hiyo mtu anazidi kunywa. Kunywa kidogo kidogo bila kujilazimisha, na kula vya chumvi. Usiku wa manane tumbo lenyewe litavikataa vitamu.

Mume wangu anashiriki. Namfuatilia kwa kile kitone kinachoonyesha alipo kwenye ramani. Kikisimama nusu saa usiku, nimpigie simu?

Usimpigie, dada. Kitone kilichosimama mara nyingi ni mtu aliyelala, na simu yako ndiyo itakayomwamsha. Huenda pia kifaa kimekosa satelaiti kwenye korongo, au betri imekata. Waandaaji nao wanakiona. Kubalianeni mapema ni baada ya muda gani utawapigia wao, si yeye, na hakikisha namba yako ameiandika kwenye fomu ya dharura. Mwulize leo, kabla hajafunga mizigo. Wengi huweka namba yao wenyewe.