Badenoch, pensheni na umeme wa upepo

Ndugu yangu, unasema Kemi Badenoch, kiongozi wa chama cha Conservative cha Uingereza, ana haki kuilaumu serikali ya Labour kwa yote mawili, kodi ya pensheni na nishati safi. La kwanza nakubali nusu. Kuanzia Aprili 2027 akiba ya pensheni aliyoiacha marehemu itahesabiwa kwenye kodi ya mirathi, asilimia 40 kwa kinachozidi kiwango cha msamaha. Mke au mume aliyebaki haguswi, watoto ndio watakaolia. Aliyejinyima miaka 30 ana haki ya kununa.

Lakini wazee wengi hawana akiba ya kufika huko. Kinachowabana ni kiwango cha mapato yasiyokatwa kodi, pauni 12,570, ambacho hakijasogea tangu 2021 huku pensheni ya serikali ikipanda mpaka inakaribia kukigusa. Nani alikigandisha? Chama cha Badenoch mwenyewe, Rishi Sunak akiwa waziri wa fedha. Labour wamerefusha tu. Nyani haoni kundule!

Kwenye nishati ndipo simwelewi kabisa. Hilo lengo la nchi kuacha kuongeza gesi chafu angani ifikapo 2050, analosema haliwezekani, liliingizwa kwenye sheria mwaka 2019 na serikali ya Theresa May, wa chama hichohicho. Ni kweli bili zina tozo za kugharimia umeme wa upepo na jua, hapo hadanganyi. Ila bei ya umeme Uingereza mara nyingi huamuliwa na gesi, na 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine ni gesi iliyowaunguza watu mifukoni, si upepo.