Madogo mnaoanza kutangaza Serie A, pitieni hapa kwanza

Wiki hii tena nimemsikia dogo hewani anamtaja beki Chiellini kwa ch ya chai, halafu timu ya Lecce akaiita Leke. Mdogo wangu una sauti nzuri na ligi unaijua, sasa kwa nini jina la Muitaliano ulibahatishe? Irabu zao ni hizi hizi zetu, a e i o u, na maneno yao mengi yanaishia na irabu kama ya kwetu. Huo mtaji watangazaji wa Kiingereza hawana.

1. Ch yao ni k. C ikifuatwa na e au i ndo inakuwa ch yetu. Schillaci, mfungaji bora wa Kombe la Dunia 1990, ni Skillachi, zote mbili ziko humo. Gn ni ny: Bologna ni Bolonya.

2. Mkazo. Hapa ndo panaponiuma, maana sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, na Waitaliano nao mara nyingi hivyo hivyo, miLAno, toRIno, basi unajiamini unafika Napoli unasema naPOli. Hapana, ni NApoli. BERgamo, mji wa timu ya Atalanta, Udine, mji wa Udinese, mkazo uko kwenye U, MOdena, na Cagliari ni KAlyari. Maandishi hayakuonyeshi, unakariri mji kwa mji. Na timu ya Milan wenyewe wanaiita MIlan.

3. Hapo mnauliza mbona timu Milan, mji Milano? Ilianzishwa 1899 na Waingereza, kina Herbert Kilpin, wakaiandika kwa Kiingereza. Genoa ya 1893 vile vile, mji wenyewe ni Genova. Enzi za dikteta Mussolini majina yakalazimishwa yawe ya Kiitaliano, hata Inter ikaitwa Ambrosiana, vita ilipoisha yakarudi. Inter walijitoa Milan 1908 kwa sababu walitaka wachezaji wa nje wapokelewe, ndo hiyo Internazionale, yaani ya kimataifa. Iite Inter, inatosha.

4. "Mister" ni kocha, sio bwana. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu kuna dogo mmoja, mchapakazi kweli, aliona mchezaji amemwandikia kocha wake anayehama "in bocca al lupo, mister", akatafsiri neno kwa neno, mdomo wa mbwa mwitu, akaandika mchezaji amtakia bosi wake aliwe na mnyama. Habari ikasambaa, watu wakamtukana mchezaji wa watu siku nzima, na yeye alikuwa anamtakia mwalimu wake kila la heri tu, ndo wanavyosema kule, na unajibiwa "crepi", yaani afe huyo mbwa mwitu. Kuirudisha ile habari haikuwezekana. Dogo alilia. Angeuliza tu! Namba yangu mnayo, pigeni hata usiku wa manane.

5. Jezi ya bluu ya timu ya taifa ya Italia, kabla hamjaniuliza tena: ni rangi ya ukoo wa kifalme wa Savoia. Ufalme ulifutwa 1946, bluu ikabaki.