Kumkosoa bosi hadharani bila kupoteza kazi

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kuandika mtandaoni kwamba meneja wenu hawalipi saa za ziada, na bado ukabaki na kazi yako. Inawezekana, ila usiandike leo ukiwa na hasira.

Kwanza angalia maneno yenyewe. Ukiandika "meneja ni mwizi", umempa nafasi ya kukushtaki kwa kashfa. Ukisema "tulifanya kazi Jumapili mbili na hazimo kwenye hati ya mshahara", hilo linathibitika. Nakala za hati hizo ziweke nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi.

Halafu kuna njia unayopitia, na hapa ndipo wengi huumia. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 158 wa mwaka 1982, kwa nchi zilizouridhia, unasema kumlalamikia mwajiri kwa mamlaka husika kuhusu uvunjaji wa sheria si sababu halali ya kufukuzwa. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa haki muuguzi wa Ujerumani aliyeachishwa kazi baada ya kumfungulia mwajiri wake malalamiko ya jinai kuhusu huduma mbovu kwa wazee. Moja ya mambo yaliyomsaidia ni kwamba alikuwa amelalamika ndani mara kadhaa bila kusikilizwa.

Kwa hiyo andikeni barua, mtie saini wengi. Mmoja akisema peke yake ni rahisi kumng'oa. Mkipuuzwa, nendeni ofisi ya kazi pamoja na chama chenu cha wafanyakazi kabla ya kuandika lolote mtandaoni.