Mpe nyoka njia: ninayoyajua kutoka mashamba ya Handeni hadi kabati la chatu

Nimekulia Handeni, mkoani Tanga, nyumba yetu ikizungukwa na mashamba ya mahindi na vichaka vya miiba. Sasa naishi Uingereza, na chumbani kwangu nafuga chatu wawili. Kwa hiyo maswali hunijia kutoka pande mbili. Ndugu zangu wa nyumbani wanauliza nimepatwa na nini hadi nikalala chumba kimoja na chatu. Vijana wa huku, na wengine wa Dar es Salaam na Nairobi wanaotazama video za wafugaji wa Marekani, wanauliza watampata wapi chatu na wao. Nawajibu wote pamoja, kwa sababu shambani na kabatini nimejifunza jambo lilelile: nyoka mwenye pa kujificha na njia ya kuondokea hana haja ya kukuuma.

Nianze na porini, maana huko ndiko watu wanakopoteza maisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuumwa na nyoka huua kati ya watu 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na wengi wao ni watu kama sisi tuliokulia mashambani: wakulima, wafugaji na watoto wanaotumwa kuni na maji. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Ukikulia kijijini hushangai kusikia kwamba lilikuwa halipewi kipaumbele.

Watu wengi wanamhofia koboko kuliko nyoka yeyote. Sumu yake ni kali kweli, lakini mimi njiani namhofia zaidi kifutu, ambaye wengine humwita moma. Koboko akihisi unakuja, mara nyingi huondoka kabla hujamwona. Kifutu haondoki. Hulala palepale kando ya njia akiamini kwamba huwezi kumwona, na kwa kawaida humwoni. Rangi yake ni ya udongo na majani makavu, na harufu yake ni kama haipo: watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, walichapisha mwaka 2015 majaribio yaliyoonyesha kwamba hata mbwa waliofunzwa kunusa walishindwa kumtambua kifutu kwa harufu. Sasa wewe unayetoka kisimani magharibi bila tochi, umevaa kandambili, utamwonaje?

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni tochi na gambuti. Tochi umulike unapokanyaga, si mbele kwa mbali. Ukikutana na gogo njiani usiliruke: panda juu yake, chungulia upande wa pili, ndipo ushuke. Usitie mkono kwenye shimo, kichuguu au rundo la mawe, hata kama kuku ametagia humo.

Kuhusu kuni, nitakueleza alivyokuwa akifanya mama yangu, kwa sababu sijaona njia bora kuliko hiyo. Alikuwa haokoti gogo kabla ya kuligonga kwa mpini wa jembe. Kisha alilivuta kwa jembe hilohilo kuelekea kwake, halisukumi. Ukilivuta hivyo, gogo lenyewe linabaki kati yako na chochote kilicholala chini yake, na upande wa pili unakuwa wazi kwa nyoka kukimbilia. Ukilisukuma au kuliinua kutoka upande wako, umemfungulia nyoka mlango unaotazama miguu yako.

Ukikutana naye ana kwa ana, simama. Tafuta kichwa kiko wapi, kisha rudi nyuma polepole kwa hatua ulizojia. Kama kuna kichuguu au shimo nyuma yako, inawezekana kabisa umesimama kwenye njia ya kwao, na anachokitaka ni kupita, sogea pembeni. Koboko akiinua kichwa na kufungua kinywa, ukaona weusi wa ndani, anakuonya, na onyo hilo ni nafasi yako ya kuondoka. Usichukue jiwe wala fimbo. Mtu anayempiga nyoka amejisogeza mwenyewe hadi pale anapoweza kufikiwa.

Swila yeye hutema, na hulenga uso. Sumu ikiingia machoni, usifikiche. Mlaze mtu, fungua kope kwa vidole na umimine maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20, hata akilia. Maji yakikosekana, maziwa yanafaa. Kisha aende hospitali, kwa sababu mboni inaweza kupata vidonda.

Kuhusu nyumba nitasema kwa kifupi. Kumwaga mafuta ya taa na kutundika vitunguu saumu kuzunguka nyumba hakumzuii nyoka. Anafuata panya, na panya wanafuata nafaka. Hifadhi mahindi vizuri, ondoa marundo ya matofali na mabati karibu na ukuta, na ulale ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro pande zote. Chandarua hicho cha malaria kinakukinga pia na swila anayepita usiku akitafuta panya.

Mtu akiumwa, mwondoe karibu na nyoka na umlaze. Asitembee wala asikimbie. Mvue pete, bangili, saa na viatu mapema kabla hajavimba, maana mkono ukishavimba pete itamkata kidole. Mguu au mkono ulioumwa ufungwe banzi kama wa mtu aliyevunjika, bila kukaza. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kuzuia damu. Lile jiwe jeusi la nyoka ambalo karibu kila kijiji kina mzee anayelitunza halitoi sumu mwilini. Linachokula ni muda. Nasema hivi kwa heshima zote kwa wazee wetu, wengi wao wakiwa watu wema wanaotaka kusaidia. Saa mbili za kusubiri jiwe libanduke zinaweza kuwa ndizo saa mbili alizokuwa nazo mgonjwa. Kama usafiri ni bodaboda, mgonjwa akae katikati, na mtu wa nyuma amshikilie.

Wala usimsake nyoka ili umpeleke hospitali akiwa amekufa. Daktari anaweza kufanya kazi kwa dalili. Kuna kipimo kimoja rahisi kinachowezekana hata kwenye kituo kisicho na mashine: damu kidogo ya mgonjwa inawekwa kwenye chupa safi ya kioo na kuachwa ikiwa imetulia kwa dakika 20. Ikiinamishwa baada ya hapo na bado inatiririka kama maji, sumu imeharibu uwezo wa damu kuganda. Na kama mgonjwa ni mtoto, mjue kwamba kipimo cha dawa ya kuzima sumu ni kilekile cha mtu mzima, kwa sababu dawa inapambana na sumu aliyoingiza nyoka, na nyoka hakupima uzito wa mtoto. Ulizia leo ni hospitali gani karibu nanyi yenye dawa hiyo. Swali hilo haliulizwi mgonjwa akiwa tayari mgongoni mwa pikipiki.

Na asikudanganye mtu kwamba kama huhisi kitu basi umepona. Mwaka 1957 mtaalamu mkubwa wa nyoka, Karl Schmidt wa jumba la makumbusho la Chicago, aliumwa kidoleni na nyoka mchanga wa miti kutoka Afrika, aina ya boomslang ambayo ipo pia Tanzania na Kenya. Hakutafuta matibabu. Alirudi nyumbani akiendelea kuandika dalili zake moja moja, na asubuhi alijiona nafuu. Alasiri hiyo alikufa, akivuja damu ndani kwa ndani. Aliyajua yote yaliyojulikana wakati ule kuhusu nyoka, na bado aliona jeraha ni dogo.

Sasa chatu. Chatu wa kwetu hana sumu, na ukubwa wake, mita tatu hadi tano, unawafanya watu ama wamkimbie ama wamuue. Lakini jamii zetu hazikumwona siku zote kama adui. Huko Usukumani wapo wacheza ngoma wanaocheza na chatu hai mabegani, na Waluo wa Nyakach, karibu na Kisumu, walimheshimu chatu waliyemwita Omieri kwa kumhusisha na mvua na mavuno. Mwaka 1987 Omieri aliunguzwa na moto wa vichaka, akapelekwa Nairobi kutibiwa na akafia huko, na nchi nzima ilifuatilia habari zake.

Ukimkuta chatu jike amejizungusha juu ya mayai, muache alivyo. Hujizungusha hivyo kwa wiki nyingi bila kula. Profesa Graham Alexander wa Witwatersrand alichapisha mwaka 2018 utafiti wake kuhusu chatu wa kusini mwa Afrika: majike huota jua hadi mwili upate joto kali, kisha hurudi shimoni kuyapasha mayai, na hata watoto wakishaanguliwa hubaki nao karibu wiki mbili. Mnyama wa namna hiyo nawaomba vijana wa nyumbani msimkamate mkamfanya wa kufuga. Kwanza ni kosa la jinai. Tanzania kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, Kenya kuna ya mwaka 2013, na zote zinataka kibali. Pili, chatu huyo atakua hadi mtu mmoja asiweze kumshika peke yake kwa usalama.

Ninaowafuga mimi ni aina nyingine kabisa, Python regius, ambaye kwa kawaida ana mita moja hadi moja na nusu. Asili yake ni kuanzia Senegali hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Akiogopa hafanyi fujo. Hujiviringisha akawa kama mpira, kichwa kikiwa katikati. Wangu walizaliwa mikononi mwa mfugaji, na hilo ndilo sharti langu la kwanza. Maelfu ya chatu hawa husafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin, wengi wakitokana na mayai na majike waliochukuliwa porini. Wanafika na kupe na minyoo, na wengi hukataa kula. Uliza alizaliwa wapi, na mwambie muuzaji akulishie mbele ya macho yako kabla hujatoa pesa.

Kabati liwe refu kiasi cha nyoka kuweza kujinyoosha mwili mzima. Upande mmoja uwe na nyuzi joto 30 hadi 32, mwingine 24 hadi 26, na kifaa cha joto kiongozwe na themostati, yaani kidhibiti kinachozuia joto lisizidi. Bila themostati, mkeka wa joto humuunguza nyoka tumboni naye akiwa amelala palepale. Halafu weka maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, yenye nafasi finyu kiasi kwamba anaguswa na kuta pande zote. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wananunua kabati zuri, taa nzuri, pango moja kubwa, kisha wanashangaa nyoka hali. Chatu mwenye pango moja tu huchagua kati ya kupata joto na kujisikia salama, na mara nyingi huchagua usalama akaumwa kwa baridi.

Jike wangu hukataa chakula karibu kila majira ya baridi. Nikimwona amekaa ndani ya ficho lake, kichwa tu kikichungulia, ulimi ukitoka taratibu, na uzito wake haushuki kwa kiasi cha kutisha, namwacha. Simlazimishi. Ninampa panya aliyegandishwa, nikiwa nimemyeyusha kwenye friji na kumpasha kwa maji ya moto, kwa koleo refu. Midomoni ana vishimo vinavyohisi joto, hivyo mkono wenye joto na harufu ya panya kwake ni panya. Nawa mikono kabla ya kumshika, na unawe tena baadaye kwa sababu ya salmonela, bakteria wanaoharisha. Watoto chini ya miaka mitano wasimguse kabisa. Akishakula, asishikwe kwa siku mbili, la sivyo atatapika.

Kabla ya kujivua gamba macho yake huwa na ukungu wa kibuluu na haoni vizuri. Kipindi hicho nampa unyevu zaidi na simsumbui. Gamba likitoka, nalikunjua chini ya taa kuangalia sehemu ya macho: vile vifuniko viwili viangavu lazima viwemo. Kimoja kikikosekana, kimebaki jichoni, na hapo ni kwa daktari wa mifugo anayejua nyoka, si kuking'oa kwa kucha.

Ninachowauliza vijana wa ughaibuni kabla ya jambo lolote ni hiki: miaka thelathini ijayo utakuwa wapi? Chatu hawa huishi miaka ishirini hadi thelathini kwa kawaida, na mwaka 2020 bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, ilitangaza kwamba jike wao anayekadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 60 alikuwa ametaga mayai. Sisi ni watu wa kuhama. Vibali vinaisha, kazi zinabadilika, mzazi anaugua nyumbani na unarudi ghafla. Chatu hapandi ndege nawe kwa sababu tu ni wako. Biashara na usafirishaji wake unasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kila mpaka unataka karatasi. Kumwachia msituni ni kumuua kwa baridi huku Uingereza, na kwenye joto ni balaa jingine: chatu wa Asia waliotoroka au kuachiwa Florida sasa wamezaliana kwenye vinamasi vya Everglades, na wanyama wadogo wa huko wamepungua vibaya. Mimi nimeandikiana na rafiki mmoja anayefuga vizuri, kwamba nikiondoka atawachukua wote wawili pamoja na makabati yao. Kama huna mtu wa namna hiyo, usinunue bado.